Nyota mfu na mwenza wake

Tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katikati ya safari ya Mbeya na Iringa, ilijaa wageni. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana Mwezi ulitua katikati ya Jua ukaacha pete nyembamba ya mwanga, na pete hiyo ikakaa kama dakika tatu kabla ya kumeguka upande mmoja. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewafafanulia Watanzania mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa waliowaandaa wananchi kwa siku hiyo.

Kupatwa kwa Jua ni hesabu nyepesi: kitu kimoja kimepita mbele ya kingine. Hesabu hiyohiyo, ilipopigwa mbali sana na Jua letu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifichua aina ya nyota ambazo hakuna aliyekuwa amezielewa. Ni nyota mfu zinazolishwa na nyota hai zilizo jirani, na siku mlo unapozidi hutoa milipuko ya mionzi ya eksirei inayoonekana kutoka mbali sana ndani ya galaksi. Sifa nyingi katika habari hizi hupewa ile nyota mfu, kwa sababu ndiyo ya ajabu. Lakini ukifuatilia mambo kwa karibu utaona kwamba lini iwake, iwake kwa muda gani na kwa nguvu kiasi gani, mara nyingi si uamuzi wake. Anayeamua ni mwenza.

Mtu akisimama nje ya mji wa Mbeya au Iringa usiku wa Mei, mvua zikiwa zimekata na baridi imeanza kuuma, kati ya saa mbili na saa nne ataona Msalaba wa Kusini juu ya upeo wa kusini. Kidogo kulia kwake, mahali ambapo macho matupu hayaoni cha kushangaza, kuna chanzo kinachoitwa Centaurus X-3, kwa kifupi Cen X-3. Mionzi yake ya eksirei haifiki ardhini. Hewa ya dunia huimeza yote, na mwinuko wa Nyanda za Juu Kusini haubadilishi kitu: si mita 1,700 hivi za Mbeya mjini, wala karibu mita 2,960 za kilele cha Rungwe. Anayetaka kuiona hana budi kutoka nje ya hewa.

Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka pwani ya Waswahili. Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Roma, walikuwa wamesimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini, katika Ghuba ya Ungwana kaskazini ya Malindi, wakaliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliondoka hapo ikiwa imebeba satelaiti ya Marekani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba tangu ipate uhuru, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi, akaipa satelaiti hiyo jina la Uhuru. Malindi haikuchaguliwa kwa ajili ya ufukwe wake. Karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure, na satelaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji ni nyingi na huvuruga vipimo. Njia ya Uhuru haikuvuka nyuzi tatu hivi za kusini, kwa hiyo kila ilipokatiza Afrika Mashariki, kwa mtu wa Iringa au Mbeya ilikuwa inapita upande wa kaskazini.

Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana angani vilikuwa kama dazeni tatu, vingi vikiwa vimeonwa kwa roketi zilizokaa juu dakika chache tu na kuanguka. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339. Lakini faida yake kubwa haikuwa hesabu hiyo. Ni kwamba ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikaweza kukodolea macho kitu kimoja siku baada ya siku.

Mwaka 1971 Riccardo Giacconi, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2002, na wenzake huko Massachusetts waliona kwamba mionzi ya Cen X-3 inapiga kama mshipa: pigo moja kila sekunde 4.8, bila kukosea. Nyota zinazopiga hivyo, yaani pulsa, zilikuwa zinajulikana tayari, maana Jocelyn Bell alikuwa amegundua ya kwanza kwa darubini ya redio mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi. Hizo za redio, hata hivyo, zinajitegemea: zinazunguka, zinatumia nguvu ya mzunguko wake, na polepole zinachoka. Hii ya Cen X-3 ilikuwa na vituko vyake. Kila baada ya siku mbili na ushei ilikuwa inatoweka kwa karibu nusu siku, kisha inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ethan Schreier na wenzake waliandika jibu mwaka 1972. Chanzo kilikuwa kinapatwa. Kulikuwa na nyota nyingine kubwa, na kila baada ya siku 2.09 ile ndogo ilipita nyuma yake. Ushahidi wa pili ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza: mapigo hayakufika kwa nafasi sawa. Kwa siku moja hivi yalikuwa yanawahi kidogo kidogo, siku inayofuata yanachelewa, na tofauti ikafikia karibu sekunde 40 kila upande. Sekunde 40 ni muda ambao mwanga hutumia kusafiri kilomita milioni 12. Huo basi ndio umbali kutoka katikati hadi ukingo wa duara ambalo pulsa inalizunguka, na kulikamilisha kwa siku mbili inabidi iende zaidi ya kilomita 400 kila sekunde. Mwaka 1974 Mpolandi Wojciech Krzemiński aliitambua nyota yenyewe katika picha za mwanga wa kawaida: ni ya moto sana, ya buluu, yenye maada karibu mara 20 ya Jua.

Baada ya hapo lilibaki swali moja. Nguvu yote ile inatoka wapi?

Pulsa ni nyota ya nyutroni, yaani kile kinachobaki nyota nzito inapomaliza fueli yake na kiini chake kuporomoka. Maada inayozidi ya Jua zima, kwa kawaida mara 1.4 hivi, inabanwa katika tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 na kitu, si mbali na umbali wa kutoka Mbalizi hadi Uyole. Kitu kinachoangukia tufe la namna hiyo kinafika juu yake kwa kasi inayofikia nusu ya kasi ya mwanga au zaidi. Wakazi wa Iringa wanaujua umeme wa maji wa Mtera: maji yanaanguka, na kuanguka kwake ndiko kunakozalisha umeme. Pulsa hizi zinafanya kazi kwa kanuni hiyo, ila kimo cha maporomoko ndicho kisichowazika. Gramu moja ya gesi, uzito wa punje chache za mahindi, ikiangukia nyota ya nyutroni inatoa nishati ambayo mitambo ya Mtera yenye uwezo wa megawati 80 ingeizalisha kwa zaidi ya siku mbili mfululizo ikiwa imefunguliwa yote. Katika mifumo angavu kinachoanguka hufikia tani bilioni 100 kila sekunde. Gesi hupata joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kitu chenye joto hilo hakiwaki mwekundu wala mweupe. Kinawaka kwa eksirei.

Mapigo yanatokana na sumaku. Nyota hizi zina uga wa sumaku wenye nguvu mara trilioni kadhaa ya ule unaoelekeza sindano ya dira hapa duniani. Gesi inapokaribia haiwezi kushuka popote inapotaka. Inakamatwa na kuelekezwa kwenye ncha mbili za sumaku, kila ncha ikiwa na eneo dogo kuliko mji. Hapo panawaka. Nyota inapozunguka, ncha zinaelekea kwetu kisha zinageuka, na sisi tunahesabu pigo.

Hadi hapa pulsa imeeleweka. Lakini gesi haitoki kwake. Hata mara moja. Ni ya mwenza, na wenza hawafanani.

Mwenza wa Cen X-3 ni nyota kubwa iliyo karibu mno, inayovuja bila kupumzika: upepo mkali wa gesi unavuma kutoka juu yake, na kwa kuwa karibu imejaza nafasi yote ambayo mvutano wake mwenyewe unaweza kuitawala, gesi nyingine inamwagika moja kwa moja kuelekea upande wa pulsa. Vela X-1, ambayo nayo iko katika anga ya kusini, inategemea upepo tu. Upepo wa nyota una mabonge na mapengo, ndiyo maana mwanga wa Vela X-1 hupanda na kushuka ndani ya saa chache bila ratiba.

Hercules X-1 ni habari nyingine. Uhuru iliibaini mwaka 1972 ikipiga kila sekunde 1.24 na kuzunguka kila siku 1.7. Kutoka Mbeya unaitafuta kaskazini, nusu ya kimo cha anga, karibu saa tano usiku mwanzoni mwa Julai. Mwenza wake, HZ Herculis, ana maada kama mara mbili tu ya Jua, na hana upepo wa kutosha kumlisha mtu. Yeye amevimba hadi mpakani. Kati ya nyota mbili zinazozungukana kuna sehemu moja ambapo mvuto wa huku na wa kule unalingana. Nyota ikivimba hadi kufika hapo, gesi yake inavuka kama mkondo mwembamba. Haiwezi kuanguka moja kwa moja kwa sababu ina mwendo wa kuzunguka, hivyo inajikunja kuwa sahani inayozunguka pulsa, na ndani ya sahani hiyo inasuguana, inapoteza mwendo, inashuka taratibu. Sahani ya Hercules X-1 imepinda, na inayumba polepole, ikiificha pulsa na kuifunua katika mzunguko wa siku 35 hivi. Wa kulaumiwa kwa kuzimika huko ni sahani, si nyota.

HZ Herculis analipia ukarimu wake. Uso wake ulioelekea pulsa unachomwa na eksirei kiasi kwamba unang'aa kuliko ule wa nyuma, na wanaoitazama kwa darubini za kawaida wanaona mwanga wake ukipanda na kushuka kila siku 1.7. Watafiti walipofukua picha za zamani za vioo walikuta miaka ya katikati ya karne ya 20 ambapo kupanda na kushuka huko hakukuwapo. Uso ule ulikuwa umepoa. Mlo ulikuwa umekatika, na hakuna satelaiti iliyokuwa juu kushuhudia.

Mifumo hii inayowaka karibu muda wote ndiyo rahisi kugundua. Ile inayolala miezi au miaka na kuamka ghafla ndiyo iliyofundisha zaidi, na hapa pia habari inapitia Malindi.

Tarehe 15 Oktoba 1974, kutoka jukwaa lilelile la San Marco, Waingereza walirusha satelaiti ya Ariel V. Ilikuwa imebeba vyombo vya aina mbalimbali, na kimoja kilikuwa na kazi ya kukagua sehemu kubwa ya anga kila mara, kama mlinzi wa usiku. Kabla mwaka haujaisha, Ariel V ikiangalia upande wa Cen X-3, ilikuta chanzo kipya pembeni yake, umbali usiozidi upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Kilipewa jina la A 1118-61, na mapigo yake yalichukua dakika 6 na sekunde 45. Mwanzoni baadhi ya watu walidhani hicho ni kipindi cha nyota mbili kuzungukana, maana nani alikuwa amesikia pulsa ya uvivu kiasi hicho? Wiki chache baadaye kikanyamaza. Kililala mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikawaka, kikalala tena, kikaamka Januari 2009.

Aprili 1975 ilitokea nyingine, na hii ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo cha vitabu. Ariel V ilikuwa inatazama Nebula ya Kaa, masalia ya nyota iliyolipuka na kuonekana na Wachina mwaka 1054, ambayo wanaastronomia wanaitumia kama kipimo cha mwanga wa eksirei. Ghafla kando yake pakawaka kitu kilichoipita Nebula yenyewe. Kiliitwa A 0535+26. Kwa msomaji wa Nyanda za Juu, kipo upande wa kaskazini, mashariki ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima wa zamani walilitazama kujua msimu umefika.

Pulsa ya A 0535+26 inapiga kila sekunde 103 na kitu. Mwenza wake ni nyota ya daraja la tisa kwa mwangaza, inayoonekana kwa darubini ndogo, na ni ya aina ambayo wanaastronomia huiita Be. Padri Mjesuiti Angelo Secchi aliitambua aina hii huko Roma mwaka 1866, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtu yeyote kuihusisha na pulsa. Mwenye hamu ya kuona mfano kwa macho yake ana bahati: Achernar, moja ya nyota kumi angavu zaidi usiku, ni nyota ya Be, na usiku wa Desemba inakaa juu upande wa kusini wa Mbeya mawingu yakiruhusu. Achernar haina pulsa pembeni, lakini tabia ndiyo hiyo. Inazunguka kwa kasi, zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde kiunoni, ilhali Jua kiuno chake hakizidi kilomita mbili. Kwa kasi hiyo imebonyea kama chapati, na mara kwa mara gesi inachomoka kiunoni na kutengeneza sahani pana inayoizunguka nyota yenyewe.

Sasa weka pulsa katika mfumo wa namna hiyo. Nyota mbili zilizaliwa pamoja, ile nzito ikamaliza fueli mapema, ikalipuka na kuacha nyota ya nyutroni. Mlipuko ule ukawa teke. Ndiyo maana pulsa haizunguki kwa duara zuri bali kwa njia ndefu kama yai: muda mrefu ipo mbali, kisha inakuja kwa kasi karibu na mwenza na kuondoka. Katika A 0535+26 safari hiyo inachukua siku 111. Pulsa ikiwa mbali, mlo ni haba. Ikifika karibu, inapitia pembezoni mwa sahani ya mwenza, inachota gesi, na baada ya muda mfupi satelaiti zinaona mwako unaodumu wiki moja mbili hivi. Kisha kimya, mpaka siku 111 nyingine.

Ingekuwa ni hayo tu, mtu angepanga kalenda na kwenda kulala. Mambo hayako hivyo, kwa sababu sahani ya nyota ya Be haina ukubwa maalumu. Inanenepa kwa miaka, inapinda, inainama, na wakati mwingine inayeyuka kabisa. Wanaoipima hutazama rangi moja nyekundu ya haidrojeni: sahani ikiwa kubwa rangi hiyo inang'aa, sahani ikiisha inageuka giza. Mwaka 1998 rangi hiyo ya mwenza wa A 0535+26 ilizimika. Sahani ilikuwa imekwenda. Pulsa ikaendelea kupita mahali pale pale kwa ratiba ile ile, na haikukuta kitu mezani.

Kinyume chake hutokea sahani ikiwa kubwa na imepinda kiasi kwamba pulsa inazama ndani yake badala ya kuigusa pembeni. Huo ndio mlipuko mkuu. A 0535+26 ilitoa mmoja mwaka 1994, na vyombo vya satelaiti ya Compton vikaonyesha jambo la kupendeza: pulsa ilikuwa inaongeza kasi ya kuzunguka siku hadi siku, kadiri mlo ulivyozidi. Gesi inayoshuka inakuja na mwendo wake na kuisukuma nyota, kwa hiyo inayokula sana inakimbia zaidi. Kuongezeka huko, pamoja na mitetemo iliyoonekana katika mwanga wake, kulithibitisha kwamba wakati wa karamu pulsa nayo inajitengenezea sahani ndogo ya kwake, kutoka katika sahani kubwa ya mwenza. Milipuko mingine mikuu ilikuja mwaka 2009, na tena Novemba 2020, ambapo chanzo hiki kiling'aa zaidi ya mara kumi ya Nebula ya Kaa, rekodi yake tangu kigunduliwe. Kwa siku kadhaa kilikuwa miongoni mwa vitu angavu kabisa vya eksirei angani. Mtu aliyetazama kwa macho upande ule usiku wa siku hizo hakuona tofauti yoyote.

Upande wa kushoto wa Msalaba wa Kusini, kati yake na zile nyota mbili angavu zinazoufuata, kuna GX 304-1, iliyomo katika orodha ya Uhuru. Ilikuwa na ratiba nzuri ya siku 132, ikiwaka kila mzunguko. Mwaka 1980 ikakatika. Kizazi kizima cha wanaastronomia kilisoma, kikaajiriwa, kikafundisha wengine, GX 304-1 ikiwa imelala. Iliamka mwaka 2008 na ndani ya muda mfupi ikarudia ratiba yake ya zamani. Pulsa haikuwa imeharibika. Mwenza ndiye aliyekuwa amepunguza mkono, kisha akaufungua.

Si kila mlipuko unamtegemea mwenza moja kwa moja namna hiyo. Katika kundi la Mshale, ambalo usiku wa Agosti linapita karibu juu ya utosi wa mtu wa Iringa, kuna pulsa iitwayo SAX J1808.4-3658. Mwaka 1998 iligundulika kuwa inazunguka mara 401 kwa sekunde moja. Mara 401! Mwenza wake amekwisha kuliwa mpaka amebaki na maada kama sehemu moja ya ishirini ya Jua, na wanazungukana kila baada ya saa mbili, karibu mno kiasi kwamba mfumo wote ungeenea ndani ya Jua. Mwenza huyu anatoa gesi kidogo kidogo, bila kubadilika sana. Hata hivyo pulsa hailipuki kidogo kidogo. Inalala miaka miwili, mitatu, minne, kisha inawaka wiki kadhaa. Hapo sahani inafanya kazi ya bwawa. Gesi baridi inashuka kwa uvivu, kwa hiyo inarundikana. Joto linapopanda hadi maelfu kadhaa ya nyuzi, atomu za haidrojeni zinapoteza elektroni zake, gesi inashikana na kusuguana zaidi, inapoteza mwendo, na wimbi linapita sahani nzima. Lango limefunguka. Kiasi kikubwa cha kilichokusanywa kwa miaka kinamiminika, sahani inapoa, na ukusanyaji unaanza upya. Ule mzunguko wa mara 401 nao si wa kuzaliwa nao. Ni malimbikizo ya misukumo ya gesi iliyoangukia nyota hiyo kwa mamilioni mengi ya miaka.

Watu wengine wanavutiwa na upande wa kutisha, nyota mfu inayomla mwenzake, na magazeti ya Ulaya hayachoki kuchora picha hiyo. Ni picha yenye ukweli nusu. HZ Herculis au mwenza wa SAX J1808 kweli wanaliwa. Nyota ya Be hailiwi. Inatupa gesi yake kwa sababu zake za ndani, ingeitupa hata kama pulsa isingekuwapo, kama Achernar inavyofanya. Pulsa ni mpita njia anayeokota.

Siku hizi ulinzi wa anga hii haukatiki. Chombo cha Kijapani cha MAXI kimefungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu mwaka 2009, na satelaiti za Fermi na Swift zilizinduliwa kabla yake. Moja ya pulsa hizi ikianza kuwaka, taarifa inasambaa duniani ndani ya saa chache. Jukwaa la San Marco liliacha kurusha satelaiti miaka mingi iliyopita, lakini kituo cha nchi kavu karibu na Malindi, ambacho sasa kina jina la Broglio, kina antena zinazopokea data. Swift iliyorushwa mwaka 2004 inateremsha data zake hapo. NuSTAR ya mwaka 2012 pia, na IXPE, satelaiti ya Marekani na Italia iliyorushwa Desemba 2021.

IXPE inapima kitu ambacho hakikuwahi kupimwa vizuri kwa nyota hizi: mawimbi ya eksirei yanatikisika kuelekea upande gani. Mwezi Februari 2022 iligeuzwa kuelekea Hercules X-1. Nadharia zilitabiri kwamba hadi asilimia 80 ya mionzi ingekuwa imejipanga upande mmoja kwa nguvu ya sumaku. Kilichopatikana hakikufika asilimia 10. Cen X-3 ilipopimwa ilitoa jibu la aina hiyohiyo. Inaelekea tabaka la juu la gesi, palepale inapotua, lina joto na mpangilio tofauti na ule uliochorwa vitabuni, na hesabu za mahali hapo zinafanywa upya.

Kwa aliye Iringa au Mbeya mwenye darubini ndogo na saa ya kuamka mapema, mwenza wa A 0535+26 anatazamika vizuri zaidi alfajiri za Septemba na Oktoba. Mvua za msimu hazijafika, na kati ya saa kumi na saa kumi na moja anakuwa juu upande wa kaskazini, baada ya Kilimia, karibu na Nebula ya Kaa. Jina lake katika orodha za nyota ni HD 245770. Mtazamaji akiwa na kifaa cha kuchambua rangi za mwanga, cha aina wanayotumia wapenzi wa anga majumbani, anaweza kuipima ile rangi nyekundu ya haidrojeni na kujua sahani ni nene au nyembamba kabla pulsa haijafika kwenye zamu yake ya siku 111.